Chetezo Kilichokwenda Lisbon

Shoga yangu aliniambia nisichukue chetezo. Alisema tunakwenda kutembea siku chache tu, hatuendi kuolewa, na huko Ulaya watu hawana habari na udi. Nikamjibu kwamba kama wao hawana habari, mimi ninayo. Nikakifunga chetezo changu kidogo cha umeme ndani ya kanga, nikakitia katikati ya sanduku pamoja na kopo la udi, na juu yake nikapanga soksi za sufu ambazo mwanangu alininunulia akiogopa nitaganda.

Watu wa kwetu hatusafiri bila ya udi, na anayesema anaweza, mimi namwona muongo. Marehemu mume wangu kila Alhamisi ikiingia magharibi alikuwa akisimama mlangoni mwa chumba chetu, pale nyumbani Sib, pembeni mwa Maskati, kanzu yake mkononi, akingoja nimfukizie. Alipofariki nilikaa eda ndani ya nyumba ile ile, na kizuka, mjane aliye edani, hajitii manukato, kwa hiyo miezi ile yote nyumba ilinuka vyakula vya watu na dawa ya kufanyia usafi. Eda ilipokwisha, jambo la mwanzo nililolifanya ni kuwasha chetezo karibu na kabati lake la nguo. Nililia siku hiyo kuliko siku ya maziko.

Nyumba hiyo ndiyo iliyokuwa na mgogoro. Kiwanja kilikuwa kwa jina langu, marehemu akajenga, tukalea humo mtoto wa kiume na wa kike. Binti yangu yuko Salala na mumewe. Mwanangu anasimamia ghala la kiwanda kimoja huko Rusayl, ana nyumba kubwa upande wa Bustan, na tangu nilipotoka eda hakutaka kusikia kwamba nabaki Sib na mfanyakazi peke yake. Ukianguka bafuni, mama? Ukisahau gesi, mama? Nyumba ya Sib tutaipangisha, nawe utakuwa na chumba chako na choo chako. Nilimwambia aniache nifikiri, nikirudi safari nitampa jibu. Akasema sawa, mama. Kijana huyu tangu alipojua kusema hajapata kuniambia sawa kwa upesi namna ile, na hapo ndipo ilipotakiwa nishtuke.

Kusema kweli sikuwa na haja ya kufikiri. Sikutaka kuhama. Nilichokosa ni mtu mmoja wa kusimama upande wangu, maana binti yangu, dada zangu na mawifi wote walikuwa upande wa Bustan. Shoga yangu peke yake ndiye aliyekuwa hajatia neno. Tumekulia mtaa mmoja Unguja, tumekuja Maskati miaka ile ile, tumefanya kazi ofisi moja ya serikali mpaka pensheni, na yeye alitangulia kufiwa na mume, akahamia kwa mwanawe. Nilijiambia huyu anajua. Aliponiambia twende Lisbon tukapunge hewa, nilikubali nikiwa na nia yangu. Nilitaka nimpate peke yake, nimwambie uamuzi wangu, aniambie umefanya vizuri.

Na Lisbon yenyewe nilikuwa na hamu nayo. Mreno katujengea ngome mbili juu ya bahari ya Maskati, akajenga na ya Mombasa, na kuondoka hakuondoka kwa hiari yake. Nilitaka kuuona mji wa mtu huyo. Yeye alikuja kwetu bila viza. Sisi tulipiga picha zisizo na tabasamu, tukasubiri wiki kadhaa tuambiwe kama tunafaa kuingia kwake.

Ni mji wa vilima. Kila unakokwenda ni kupanda, na ukishapanda unaambiwa uzuri uko upande wa pili, ushuke. Magoti yangu yalilalamika tangu siku ya kwanza. Tulipanda tramu ya manjano iliyojaa watalii, tukatembea kwenye vichochoro ambavyo nyumba zake zimebandikwa vigae vya buluu na vyeupe kutoka chini mpaka juu, nikasema hawa watu wamegeuza ukuta wa jikoni wakautia nje. Shoga yangu alicheka, lakini alicheka akiwa mbali. Alikuwa hivyo tangu uwanja wa ndege. Tukikaa kunywa chai simu yake ilitetemeka mezani, naye akaigeuza kifudifudi. Nilimuuliza nani anayemsumbua.

"Mwanangu," alisema.

Niliona ajabu. Mwanawe huyo namjua, anaweza kumaliza wiki bila kumuuliza mamake kaamkaje, na wanakaa nyumba moja.

Juu ya kilima kimoja tulimkuta bibi wa makamo yetu kaegemea dirisha lake, chini yake kaanika mashuka, anatazama wapita njia. Shoga yangu akasimama.

"Muone masikini," alisema. "Peke yake."

"Umejuaje kama yuko peke yake?"

"Si unamuona."

"Mie namuona ana dirisha."

Aliendelea kupanda ngazi mbele yangu, na mimi nikabaki nyuma nikijiuliza kwa nini maneno madogo kama yale yamenikera. Kwa kweli yalikuwa maneno ya mwanangu, kasoro sauti tu.

Siku ya pili tulikwenda kuutazama mnara mweupe ulioko ukingoni mwa mto, pale merikebu zao zilipokuwa ziking'oa nanga kuja kwetu. Upepo ulikuwa mkali, mtandio wangu ulikuwa unanipiga usoni. Nilikuwa nishaamua kwamba pale ndipo nitakapomwambia. Yeye akanitangulia.

"Utamjibu nini mwanao?"

"Nitamjibu nikifika."

"Mie naona ukubali."

Nilimtazama, naye alikuwa anautazama mto.

"Nyumba kuta na saruji, bibie," akaendelea. "Unalinda nini mle?"

"Nalinda mahali nnapokaa."

"Unakaa na kanzu za maiti kabatini. Hujatoa hata moja. Watu wanasema."

"Watu gani?"

Akasema watu tu. Sikumuuliza tena. Kwetu nguo za marehemu hutolewa, hupewa wanaozihitaji, na mimi nilikuwa najua zimekaa mno. Sikuhitaji kuambiwa hayo kwenye upepo wa Mreno na mtu niliyemfungulia kabati lile kwa mkono wangu. Ni yeye peke yake niliyemwonesha. Tulirudi hotelini ndani ya tramu tumekaa kiti kimoja, kila mmoja anatazama dirisha lake.

Siku iliyofuata ilikuwa Alhamisi. Mvua ilinyesha tangu asubuhi, na sisi tulizunguka makumbusho tukisema yale ya lazima tu: leta mwavuli, choo kiko wapi, hii nyama ya nini. Magharibi ya kule kipindi cha baridi huingia mapema. Tulirudi chumbani tukasali, kisha nikafungua sanduku nikatoa chetezo. Nilijua atanitania, na nilikuwa nimeshaandaa jibu kali.

"Washa," alisema. "Na mie nifukize."

Basi tulifanya kama tunavyofanya nyumbani. Tulifunga dirisha, tulifunga mlango, moshi usipotee bure. Nilitia kipande cha udi, kikaanza kuchemka mafuta yake, na ile harufu ikaenea, na kwa muda mfupi chumba kile chenye zulia la kijivu kikawa kwangu. Shoga yangu alifungua nywele zake. Akakiweka chetezo sakafuni, akakisimamia, akalishika buibui lake pembeni ili moshi upande ndani.

"Ongeza," alisema.

Nikaongeza.

"Ongeza tena kidogo."

Nilimwona amefumba macho. Alisimama hivyo muda mrefu kuliko mtu anayefukiza nguo, kichwa kakirudisha nyuma, na nusura nimwambie kitu cha upole. Nilikuwa nimekasirika naye tangu jana, lakini hasira na shoga wa utotoni haina mizizi mirefu. Nilikuwa nafungua mdomo, dari ikapiga kelele.

Sijapata kusikia kelele kama ile. Ilitoka chumbani kwetu, ikatoka ukumbini, ikatoka ngazi zote, hoteli nzima ikawa inalia. Mtu akagonga mlango kwa ngumi na kupiga ukelele kwa Kireno. Shoga yangu alijitupia mtandio, mimi nikachomoa waya wa chetezo, nikanyakua pasipoti zetu na simu iliyokuwa karibu, tukashuka ngazi za mbao pamoja na watu wengine. Njiani tuliwapita mzee na mkewe waliovaa majoho ya kuogea, wamevaa na viatu vya mvua. Nilitamani ngazi zinimeze.

Nje mvua haijaacha. Wageni wote wa hoteli walisimama upande wa pili wa njia, na gari la zimamoto likaja likasimama mlangoni na taa zake. Watu wanne wenye kofia za chuma waliingia ndani kwenda kupambana na udi wangu. Shoga yangu anajua Kiingereza kunishinda, akamfuata bwana wa mapokezi kumweleza kwamba hakuna moto, ni miti ya kunukia, ni desturi. Mimi nilijibanza chini ya paa la duka la viatu. Simu iliyokuwa mkononi ikalia.

Nilidhani ni yangu. Tulinunua makava ya aina moja, duka moja, soko la Sib, rangi moja ya zambarau, kwa sababu mwenye duka alitupunguzia. Niliipokea bila kutazama.

"Khalti, salaam aleikum," ilisema sauti ya mwanangu.

Mwanangu haniiti khalti. Khalti, yaani mama mdogo, ni yeye, shoga yangu.

"Khalti, majlis tumeshamaliza, na chumba cha wageni. Mama vipi, keshakubali?"

Sauti zetu zinafanana. Tangu usichana watu wakitupigia simu hutuchanganya, na kelele ya hoteli ilikuwa bado inapasua masikio. Nilisema neno moja.

"Bado."

"Basi endelea naye, khalti. Lori linarudi kesho baada ya sala ya Ijumaa, tuchukue chumba chake na jiko. Nataka akifika asikute kitu. Akiiona tupu hatokuwa na la kusema. Vitu vyake viko ghalani Rusayl, salama, mwambie baadaye. Mbona kelele hivyo huko?"

"Haya," nikasema, nikakata.

Nilisimama pale chini ya paa la duka, maji yananidondokea begani. Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo tulivyofunzwa, lakini hakuna aliyeniambia kwamba na godoro lake halipo. Niliiona majlis yangu, sebule ya kupokelea watu. Niliwaona wale watu wa ghala wakiyabeba makochi ambayo marehemu aliyachagua yeye, mabaya, ya rangi ya kahawa, na mimi nikiyatukana miaka yote ile. Niliogopa. Niliogopa kwa sababu mwanangu alisema kweli. Ningeikuta nyumba tupu baada ya safari ndefu, magoti yakiuma, nisingekuwa na la kusema. Ningejikuta ndani ya gari naelekea Bustan.

Kelele ikakoma ghafla. Shoga yangu alivuka njia akija upande wangu, amelowa, anacheka kwa mara ya kwanza tangu tutoke Maskati.

"Yameisha," alisema. "Nimewaomba radhi kwa niaba ya Waarabu na Waswahili wote. Wametusamehe, lakini chetezo wamekichukua mpaka tutakapoondoka."

Nilimpa simu yake.

"Mwanangu anakusalimu," nilisema.

Aliitazama simu, akanitazama mimi. Kicheko kilimtoka usoni polepole.

"Kasema nini?"

"Kasema majlis wameshamaliza. Kasema uendelee na mie."

"Yarabi," alisema, taratibu. "Aliniambia vitu vya marehemu tu. Wallahi, kanzu na vitabu, na rangi kwenye kuta. Alisema nikuchukue utoke kidogo, usione yanavyotolewa, kwa sababu utaumia."

"Na lori?"

"La lori silijui."

"Lakini ya kunilainisha unayajua."

Mzee wa joho la kuogea alikuwa anatutazama, labda akifikiri tunagombana juu ya moto. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo zangu wakati ule zilikuwa zinanukia udi niliomfukizia yeye.

Sikumpigia mwanangu. Ningempigia angenibembeleza, na mwanangu anajua kubembeleza, kamrithi babake. Tuliporuhusiwa kurudi chumbani niliichukua simu yangu, nikaazima utulivu nisiokuwa nao, nikampigia dada anayenisaidia kazi za nyumbani. Ni mtu wa Kenya, mama wa kanisa, ana miaka mingi na mimi na hapendi maneno mengi.

"Mama, walisema ni wewe umesema," aliniambia. "Mimi nilidhani unajua."

"Chumba changu kimeguswa?"

"Chumba bado. Lakini godoro washatoa, liko hapa veranda."

"Lirudishe ndani. Funga mlango, ufunguo ukae na wewe."

"Na boss akikuja kesho na hao watu wake?"

"Mwambie mama amesema chumba hakiguswi na jiko haliguswi mpaka arudi. Mwambie nimekuambia mimi, kwa sauti yangu."

Nilijua ninachomtaka ni kigumu, asimame mbele ya mwanangu na lori, yeye ambaye ni mgeni nchini.

"Sawa, mama," alisema. "Nitamwambia vile umesema."

Ijumaa ilikuwa siku yetu ya mwisho ya kutembea, na sijui kwa nini tulitembea. Nadhani tulishindwa kukaa chumba kimoja. Nilitoka, naye akatoka nyuma yangu. Nilipanda kilima cha ngome kongwe ya mji ule, polepole, nikishika ukuta, naye akanifuata kwa umbali wa mtu asiyejua kama amealikwa. Ilipofika saa ya watu wa Maskati kutoka msikitini, simu yangu ilianza kulia ndani ya mkoba. Ililia tukiwa tunanunua tiketi. Ililia mbele ya mizinga ya zamani, mtalii mmoja akageuka kunitazama. Nilijua ni mwanangu, nilijua amesimama kwenye veranda yangu na lori liko nje na mlango umefungwa. Nilifikiri, sasa wanavunja. Nilifikiri, sasa yule dada anatishwa. Sikuipokea, maana nisingeweza kuwa mkali na mbali kwa wakati mmoja. Halafu ikanyamaza, na kunyamaza kwake kukawa kubaya zaidi.

Mara ukaja ujumbe wa sauti kutoka kwa dada. Niliuweka sikioni. "Mama, ameenda. Amekasirika lakini ameenda. Lori imeenda tupu. Mimi niko jikoni."

Nilikaa kwenye ukuta wa ngome ya Mreno nikalia. Shoga yangu alikuja akakaa, akaacha nafasi ya mtu mmoja kati yetu. Chini yetu mapaa mekundu yalishuka mpaka mtoni.

"Nikwambie kitu?" alisema.

"Sema. Huku hakuna mwengine wa kusema naye."

"Pale kwa mwanangu, nikitaka kukaanga samaki naomba ruhusa. Naambiwa harufu. Nakaanga siku wakitoka." Alikuwa anasema huku akikunja na kukunjua pindo la mtandio wake. "Udi ndio kabisa. Mkewe ana pumu. Sijawasha chetezo chumbani kwangu tangu nihamie. Nangoja harusi za watu."

Nilikumbuka alivyosimama jana, kichwa nyuma, akisema ongeza.

"Na hayo ndiyo uliyonitakia mie?"

"Ndiyo."

Alisema hivyo hivyo, ndiyo. Nilitarajia atajitetea, na kwa kuwa hakujitetea nilikosa mahali pa kumpiga.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu walinambia, nikafunga mizigo. Sikusema hata neno. Nilijiambia ndivyo ilivyo, mjane anahama, nani anaweza kukaa peke yake. Miaka yote najiambia hivyo." Akaniangalia. "Ukikataa wewe ukabaki kwako, itakuwa na mie ningeweza kukataa. Hilo nililiogopa. Sikutaka kulijua."

Sikumkumbatia. Nilikuwa na hasira bado, na hasira yangu si ya kuondoka kwa sababu mtu kasema kweli. Lakini nilisogea nikaijaza ile nafasi iliyokuwa kati yetu, kwa sababu upepo ulikuwa unapita hapo na sote tulikuwa wagonjwa wa mgongo.

Asubuhi ya kuondoka bwana wa mapokezi alitukabidhi chetezo ndani ya mfuko wa nailoni, amekishika kwa vidole viwili. Shoga yangu ndiye aliyekipokea. Akakitia ndani ya mkoba wake wa mkononi pamoja na kopo la udi, hakunirudishia, wala sikumdai.

Mwanangu alikuja kutupokea uwanja wa ndege wa Maskati. Alinibusu kichwa, akachukua mizigo, hakunitazama machoni. Njia ya uwanja wa ndege ina mahali unapochagua, upande mmoja Sib, upande wa pili mjini na Bustan.

"Mama, mke wangu kapika," alisema. "Twende ukapumzike kwetu leo, kesho tutazungumza."

"Sib," nikasema.

"Mama, nyumba haina hata pa kukaa."

"Najua. Sib."

Shoga yangu alikuwa kiti cha nyuma. Mwanangu alimtazama kwenye kioo, nadhani akimwomba msaada, naye akatazama nje. Tuliendesha mpaka nyumbani bila redio.

Dada wa Kenya alitufungulia. Majlis ilikuwa tupu kweli. Niliiona kwa macho yangu na ilikuwa mbaya kuliko nilivyoiwaza juu ya kilima, kwa sababu nilikuwa sikuwaza mwangwi. Kwenye zulia kulikuwa na alama za miguu ya makochi, na ukutani pale ilipokuwa saa kubwa pamebaki msumari. Magoti yangu yalitaka kukaa na hapakuwa na kitu. Mwanangu alisimama nyuma yangu, akingoja. Alijua na mimi nilijua kwamba hii ndiyo dakika yake. Nilifungua mdomo na sauti haikuja.

Nyuma yetu nikasikia zipu ya mkoba. Shoga yangu alipita kati yetu na buibui lake lililokunjana kwa safari, akapiga magoti kwa shida, akakichomeka chetezo kwenye plagi iliyokuwa nyuma ya kochi la marehemu. Akatia udi. Akarudi nyuma akasimama. Moshi ulipanda wima katika chumba kile kitupu, hakuna pazia la kuushika, ukaenea mpaka darini, na dari yangu haikupiga kelele.

"Rudisha vitu," nilimwambia mwanangu. "Anza na makochi."

"Mama, mimi naogopa," alisema. Na sauti yake ilikuwa ya kweli, ilikuwa ya mtoto aliyefiwa na babake. "Naogopa nitapigiwa simu siku moja."

"Na mie naogopa. Utapita kila siku ukitoka Rusayl, utanitazama. Lakini vitu urudishe. Na kanzu za baba yako nitazitoa mimi, kwa mkono wangu, siku nitakayotaka."

Alisimama kidogo akiutazama moshi. Kisha akatoa simu yake akaanza kuzungumza na mtu wa ghala, kwa Kiarabu, kwa sauti ya chini, kuhusu lori.

Dada alileta mkeka akautandika chini ya msumari wa saa. Nilikaa. Nilimwambia mwanangu kwamba akimaliza kuzungumza ampeleke khalti yake kwao, kachoka. Shoga yangu alikuwa bado hajavua buibui. Alikuwa amelishika pembeni, kidogo tu, moshi upande ndani.

Simu yake ya zambarau ikalia. Alikuwa mwanawe, safari hii kweli, nilimsikia kutoka pale nilipokaa akiuliza kama ndege imetua, na kwamba wanamngoja, na anarudi saa ngapi.

Shoga yangu alinitazama. Sikumsaidia kwa neno wala kwa jicho. Nilisogea tu kwenye mkeka.

"Bado," alisema simuni, akafumba macho.